Kampuni ya kaboni inataka saini ya kijiji, na pori lenyewe halijatangazwa: tuanzie wapi?

Katibu_Maliasili_Chamwino aliuliza:

Mbukwenyi, wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili katika kijiji kimoja cha kusini mwa wilaya ya Chamwino, upande ambao ukimaliza mashamba ya uwele na mtama unaingia moja kwa moja porini. Pori letu, ambalo wazee wanalikadiria kuwa hekta elfu nne na zaidi, lina migunga, mibuyu na mpingo hapa na pale kwenye makorongo. Halijawahi kutangazwa kuwa hifadhi ya aina yoyote: si la Serikali Kuu, si la halmashauri ya wilaya, na kwa karatasi si la kijiji pia, ingawa kila mtu hapa anajua kwamba ni letu, kwa kuwa ndimo tunamochunga wakati wa kiangazi, tunamotundika mizinga na tunamookota kuni.

Mwezi uliopita walitufikia wageni watatu wa kampuni moja ya biashara ya kaboni. Walikaa na halmashauri ya kijiji kwa muda wa saa mbili chini ya mbuyu wa ofisini, wakatueleza kwamba miti yetu inanyonya hewa ya ukaa, kwamba kuna makampuni ya ng'ambo yanayotafuta pa kulipia uchafuzi wake, na kwamba kijiji kikikubali kutokata, kutochoma na kutolima pori hilo kwa miaka arobaini, kitapokea fedha kila mwaka. Walileta mkataba wa kurasa ishirini na mbili, wote kwa Kiingereza, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili waliouita muhtasari. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kumwambia mtendaji alete muhuri, lakini mtendaji akasema wino umekauka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa umekauka kweli au mama yule ana akili kutuzidi sote, ila kwa sababu hiyo tumepata wiki sita za kufikiri kabla wageni hawajarudi.

Ninaloomba kwenu ni hili. Je, halmashauri ya kijiji peke yake inaweza kutia saini mkataba wa namna hiyo, na kama haiwezi, ni nani anayeweza? Je, tunatakiwa kulitangaza kwanza pori kuwa msitu wa kijiji, au mkataba wenyewe unatosha kulilinda? Na tufanye nini na vijana wanaochoma mkaa humo, ambao kwa kweli ndio wanaolipa ada za shule za wadogo zao kwa kazi hiyo? Kijiji kimegawanyika. Wapo wanaoona hizi ni fedha za bure kutoka mbinguni, na wapo wanaosema tunaibiwa hewa. Mimi siko upande wowote, ninachotaka ni kujua njia iliyo halali.

Bwana_Misitu_Mstaafu alijibu:

Ndugu Katibu, mbukwa. Nilikuwa bwana misitu kwa miaka thelathini na moja, nusu yake Kondoa na Babati, na kwa kuwa siku hizi ninachokata ni matawi ya mwembe wa uani tu, nina nafasi ya kukujibu kwa urefu.

Kabla hamjauliza kaboni ni ya nani, ulizeni ardhi hiyo inaitwaje kisheria, kwa sababu sheria mbili za mwaka 1999 hazisemi kauli moja juu yake. Sheria ya Ardhi, yaani Namba 4, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla inajumuisha humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, yaani Namba 5, haina maneno hayo, na kwa mujibu wake ardhi iliyo ndani ya mipaka ya kijiji ni ya kijiji, iwe imelimwa au imelala. Sasa fikiria ofisa aliyekaa mjini na ramani mezani, anaona doa kubwa la kijani lisilo na nyumba wala shamba. Ng'ombe wako wa kiangazi hawaonekani kwenye ramani, wala mizinga yako. Kwake hiyo ni ardhi isiyotumika, na mjadala unaanzia hapo, ninyi mkiwa hamna karatasi ya kumwonyesha.

Karatasi hiyo ipo na haihitaji mgeni yeyote kuileta. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga sehemu ya ardhi yake na kuitangaza kuwa hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji, ambayo kijiji ndicho mmiliki na ndicho msimamizi. Usiichanganye na usimamizi wa pamoja, ambao ni makubaliano juu ya msitu wa Serikali au wa halmashauri ya wilaya, ambapo kijiji kinashiriki ulinzi na kupata mgawo. Katika hifadhi ya kijiji hakuna mgawo wa kuomba: mnaweka kanuni zenu, mnatoza faini kwa sheria ndogo zenu, na mapato yanaingia katika mfuko wa kijiji.

Njia yake ni ndefu lakini haijifichi. Mnahakikisha mipaka ya kijiji imepimwa na cheti cha ardhi ya kijiji kipo. Mnaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, ambao ndio unaosema hapa ni makazi, hapa malisho, hapa msitu. Kamati yako inapima rasilimali na kuandika mpango wa usimamizi, mkutano mkuu wa kijiji unaupitisha pamoja na sheria ndogo, kisha baraza la madiwani linaziidhinisha hizo sheria ndogo ili ziwe na nguvu mahakamani. Baada ya miaka mitatu ya kuusimamia mnaweza kuomba msitu utangazwe katika Gazeti la Serikali, na hapo mnakuwa mmefunga mlango kwa komeo.

Nikuonye kuhusu kitu kimoja ambacho hakimo katika vitabu. Kupima miti ni kazi nyepesi. Mnazungusha utepe kwenye shina kwa kimo cha kifua, sentimita 130 kutoka ardhini, mnaandika, mnasogea. Kazi nzito ni mpaka na jirani. Nakumbuka vijiji viwili ambavyo kila kimoja kilirundika mawe yake ya mpaka, kimoja ng'ambo hii ya korongo na kingine ng'ambo ile, na korongo lenyewe likabaki bila mwenyewe kwa miezi minane, maana ndilo lililokuwa na maji. Wachoma mkaa walilijua jambo hilo kabla yetu na walihamia humo wote. Anzeni na jirani leo, msingoje mtaalamu.

Na msidhani haya ni mambo mapya ya enzi ya kaboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Duru-Haitemba wilayani Babati, Serikali ilikuwa imeanza kupima misitu ya vijiji ili iifanye hifadhi yake, wananchi wakakataa, na ulipofika muda wa kutafuta suluhu, vijiji vinane vikapewa nafasi ya kujiwekea kanuni na walinzi wao. Uharibifu ukapungua bila ya mlinzi hata mmoja wa kulipwa mshahara. Mgori, mkoani Singida, walifuata njia hiyohiyo miaka ileile. Yaliyoandikwa katika sheria ya mwaka 2002 yalifanyiwa majaribio na wanakijiji wa huku kwetu kanda ya kati kwanza, ndipo Bunge likayapitisha.

Mfugaji_wa_Bahi alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Umesema yote isipokuwa ng'ombe, na katika kanda hii yetu yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, huwezi kuzungumzia pori ukamwacha ng'ombe nje.

Katibu ametaja kwamba mkataba unakataza kukata, kuchoma na kulima. Namwomba ausome tena, au asomewe, atazame unasemaje juu ya kuchunga. Kama umenyamaza, hilo ndilo la kuogopa zaidi, kwa sababu kilichonyamaziwa ndicho kitakachokuja kuandikwa baadaye katika kile wanachokiita mpango wa utekelezaji.

Wazee wa Kondoa wanaijua habari hii. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ukachimba makinga maji na kupanda miti, lakini mmomonyoko katika milima ya Irangi haukukoma. Mwaka 1979 ikatolewa amri kwamba mifugo yote itoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256: ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Naomba nisieleweke vibaya, nchi ile ilipona. Nyasi zilirudi, miti ikachipua bila kupandwa, na makorongo mengi yakatulia. Hata hivyo ng'ombe hawakuyeyuka. Babu yangu alipokea mifugo ya wakwe zake kutoka huko, akaiweka katika malisho yaliyokuwa yakitutosha sisi kwa shida, na baada ya misimu michache tulikuwa na vipara ambavyo havikuwapo. Kondoa ikawa kijani na sisi tukawa vumbi, na kwa kuwa wapimaji walikuwa Kondoa, vumbi letu halikuingia katika hesabu ya mtu. Ilipofika mwaka 1989 ndipo watu wa Kondoa wakaruhusiwa kufuga tena, kwa ng'ombe wachache wa maziwa waliofungwa zizini na kukatiwa majani. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, ila ulichukua miaka kumi kufikiwa.

Linganisheni na Shinyanga. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 ulikuta Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika na kuifungua kiangazi kikiwa kikali. Wataalamu hawakuja na amri ya kuwatoa ng'ombe, walichofanya ni kuipa desturi ile nguvu, na katika muda wa miaka kama kumi na tano zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilirejea. Miti imo humo, na kaboni kwa hakika imo pia, na ng'ombe anaingia kwa zamu iliyokubaliwa na wenye ng'ombe.

Kwa hiyo, Katibu, mpango wenu wa matumizi ya ardhi uwe na ngitili yake, au jina lolote mnalolipa, na liandikwe kabla mgeni hajarudi. Mwaka wa ukame ukifika na mkataba unasema ng'ombe haingii, mtakaopigana si ninyi na kampuni. Mtapigana ninyi kwa ninyi, mgambo wa kijiji na mchungaji wa kijiji, na wote wawili ni watoto wa mama mmoja.

Wakili_Area_C alijibu:

Habari za leo, Katibu, na heshima zangu kwa wazee waliotangulia. Nitajibu swali la saini, kisha nieleze biashara yenyewe, kwa sababu nimeona watu wengi wanatia saini juu ya kitu wasichojua kinauzwaje.

Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye hadhi ya kisheria, kinaweza kushitaki na kushitakiwa na kinaweza kuingia mikataba. Lakini juu ya ardhi, halmashauri ni mdhamini tu kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza miaka kumi na minane. Mkataba unaofunga matumizi ya hekta elfu nne kwa miaka arobaini unagusa ardhi, hata kama kichwa chake kinasema kaboni. Mwenyekiti akitia saini bila mkutano mkuu, anawapa wajukuu wake kesi. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo msione haya kudai mkataba wote kwa Kiswahili, wenye kifungu kinachosema kwamba nakala ya Kiswahili ndiyo itakayotumika tukitofautiana. Ukurasa mmoja wa muhtasari haumfungi mtu, na waliouandika wanalijua hilo.

Biashara ya kaboni nayo ina kanuni zake, zilizotungwa mwaka 2022 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira na kufanyiwa marekebisho mwaka uliofuata. Mradi husajiliwa serikalini, hauanzii na kuishia mezani pa mwenyekiti. Ofisi ya Makamu wa Rais ina nafasi yake, na upo utaratibu wa mgawanyo wa mapato kati ya mwenye mradi, mwenye ardhi na mamlaka za Serikali. Waulizeni wageni wenu barua ya usajili. Kama hawana, waulizeni wamefika hatua gani, na muiandikie halmashauri ya wilaya ili mwanasheria wake na ofisa mazingira waione nakala ya mkataba kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.

Sasa kinachouzwa. Wengi wanadhani kwamba miti inahesabiwa na kila mti una bei, kama mbuzi mnadani. Sivyo. Kinachouzwa ni tofauti kati ya uharibifu ambao ungetokea bila mradi na uharibifu uliotokea mradi ukiwapo, ikipimwa kwa tani za kaboni dioksidi, yaani ile hewa ya ukaa. Tani moja ya kaboni iliyomo katika mbao ni sawa na takriban tani 3.67 za hewa hiyo. Hapa pana jambo la kuchekesha na kusikitisha: kijiji ambacho kimelinda pori lake kwa vizazi vitatu bila kulipwa kina tofauti ndogo ya kuuza, na kijiji kilichokuwa kikiteketeza chake kina tofauti kubwa. Pia pori kavu la Chamwino, lenye mvua ya milimita mia tano na kitu, halibebi kaboni kwa hekta kama msitu wa mvua wa Uluguru au Usambara. Kwa hiyo mtu akiwatajia mabilioni ambayo vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimeyapata kutokana na milima ya Ntakata, mkumbusheni kwamba kule ni milima yenye misitu mizito na eneo kubwa mno, ninyi mna migunga.

Pori kavu linaweza kulipa vilevile, msivunjike moyo. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wamekuwa wakiuza kaboni kwa miaka mingi chini ya utaratibu wa Plan Vivo, ambao ni kiwango cha kimataifa cha miradi ya kaboni ya jamii, na ardhi yao ni kavu kama yenu. Ila tazameni walivyojipanga: mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja, na mradi wao umesimama juu ya hati hiyo na juu ya mpango wa matumizi ya ardhi. Hati ilikuwa mkononi mwao. Ninyi mnaombwa mtangulize mkataba, hati ije baadaye kama itakuja.

Alilosema Mfugaji kuhusu Kondoa lina jina katika fani hii, wanaliita uvujaji: unazuia uharibifu hapa, unahamia pale. Mkataba wa maana lazima useme nani anapima uvujaji huo na nani anakatwa fedha ukitokea. Vilevile ulizeni pori likiungua mwaka wa kumi na tano itakuwaje, maana kaboni iliyokwisha kuuzwa haiwezi kurudishwa katika mti uliogeuka jivu.

Kuna tabaka la juu zaidi ambalo kijiji hakiambiwi. Tanzania, katika ahadi zake za mwaka 2021 chini ya Makubaliano ya Paris ya mabadiliko ya tabianchi, ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote. Tani iliyouzwa kwa nchi nyingine chini ya ibara ya 6 ya Makubaliano hayo, kwa idhini ya Serikali, hatuwezi kuihesabu tena kuwa yetu. Ndiyo maana Serikali inataka kujua kila mradi, na kwa maoni yangu ina haki. Ninachoikosoa ni kwamba inatunga kanuni za kuuza haraka kuliko inavyovipimia vijiji ardhi.

Mama_Mkaa_Majengo alijibu:

Mimi nauza mkaa hapa Dodoma mjini tangu mwaka 2009, na nimesoma maelezo yenu yote nikisubiri mtu ajibu swali la tatu la Katibu, la vijana. Hakuna aliyejibu.

Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, wateja wangu waliongezeka kuliko nilivyoweza kuhesabu. Gunia linaloingia limefungwa lumbesa, limeshonwa mdomo kwa majani na kamba, na mara nyingi limebebwa kwa pikipiki usiku, magunia matatu au manne, taa ikiwa imezimwa karibu na kizuizi. Tajiri wa biashara hii si kijana aliyechoma, wala si mimi. Kijana anauza porini kwa bei ndogo kwa sababu hana kibali na hawezi kubishana. Funga pori la Katibu, na gunia lile lile litatoka Manyoni au Chemba, litakuwa ghali kidogo, na litachomwa kwa haraka zaidi.

Najua kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono, na mimi mwenyewe nyumbani napikia gesi, msinicheke. Ila kati ya leo na mwaka huo kuna chakula cha jioni cha kila siku. Nimepata kusikia wenzetu wa Kilosa, ambako vijiji vilitenga sehemu ya msitu wao kwa ajili ya mkaa, wakaigawa vitalu vidogo vya kuvunwa kwa zamu ya miaka 24, visiki vikaachwa vichipue, na mchomaji akawa na leseni kutoka kijijini na ushuru wake ukajenga darasa. Mkaa wa namna hiyo ningeununua mchana, na taa zikiwaka.

Bwana_Misitu_Mstaafu alijibu:

Mama amenishika pabaya, na ninakiri kwamba nililiruka swali hilo. Niongeze tahadhari moja tu: Kilosa ina miombo na mvua nyingi kuliko Chamwino, kwa hiyo miaka 24 ya kule msiinakili kama ilivyo. Huku mti unakua kwa uvivu, na zamu lazima iwe ndefu zaidi au kitalu kiwe kidogo zaidi. Tanuri la asili linalojengwa na vijana wetu linapoteza sehemu kubwa ya kuni kuwa moshi na jivu. Wakifundishwa kukausha magogo kwanza, kuyapanga vizuri na kuweka bomba la moshi, gunia moja litatoka kwenye miti michache kuliko sasa.

Upande wa mashambani, tumieni kisiki hai. Mbinu hii imeenea sana katika wilaya za Dodoma miaka ya karibuni, na haihitaji kitalu cha miche wala lori la maji. Shambani kuna visiki ambavyo bado vina uhai chini ya ardhi, vinachipua kila msimu na tunavifyeka kila msimu. Unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa chenye rangi ili mchungaji na mkulima waone kwamba huyu ana mwenyewe. Baada ya misimu michache una nguzo na kuni za kupogolea, na pori linapumzika.

Katibu_Maliasili_Chamwino alijibu:

Nawashukuru nyote, na Mama wa Majengo zaidi, kwa sababu nilimsomea kijana mmoja wa hapa maneno yake na akasema angependa kujua ni nani huyo anayenunua mchana.

Jana jioni tumekaa kamati nzima. Tumekubaliana kumwomba mwenyekiti aitishe mkutano mkuu, na kwamba ajenda ya kwanza iwe mpaka wetu na kijiji jirani, ya pili mpango wa matumizi ya ardhi wenye msitu, malisho ya kiangazi na sehemu ya mkaa, na kaboni isiwe katika ajenda kabisa mpaka hizo mbili zimekwisha. Mwenyekiti amekubali kwa shingo upande. Ameuliza, na mimi sikuwa na jibu, kama hatujachelewa. Siku ile wageni walipokuja walitoa posho ya shilingi elfu ishirini kwa kila mjumbe wa halmashauri, na kila aliyepokea alitia saini katika karatasi. Tulidhani ni orodha ya mahudhurio. Nimewauliza wajumbe wote, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kama karatasi ile ilikuwa na kichwa cha habari.

Wakili_Area_C alijibu:

Katibu, saini ya kupokea posho si ridhaa ya kijiji, na saini za wajumbe haziwezi kuchukua nafasi ya mkutano mkuu. Lakini nimepata kuona orodha za namna hiyo zikibandikwa nyuma ya nyaraka za mradi kama ushahidi kwamba jamii imeshirikishwa, kwa hiyo msilale.

Itisheni kikao cha halmashauri ya kijiji wiki hii, na muhtasari uandike kwamba siku fulani wageni walifika, walitoa posho ya kiasi hicho, wajumbe walisaini kupokea fedha, na kwamba hakuna uamuzi wowote uliofanyika juu ya ardhi wala kaboni. Kisha andikeni barua kwa kampuni kuomba nakala ya karatasi hiyo pamoja na mkataba kwa Kiswahili, nakala ya barua iende kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri ya wilaya na kwa ofisa misitu. Ipelekeni kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Huo wa kwenu, mwambieni mama mtendaji, kwa barua hii anaweza kuutafutia wino.

Katibu_Maliasili_Chamwino alijibu:

Nimemwambia. Amefungua droo, wino ulikuwamo.